Sabuni Kwenye Jiwe la Mpaka

Inspekta alikuwa na jina lake, lakini kituoni walimwita Kupe, kwa sababu akishanata hang'oki. Walidhani hajui. Alijua tangu wiki ya kwanza na hakuwa na neno. Kuna majina mabaya zaidi ya hilo, na mkuu wa kituo alikuwa nalo mojawapo.

Jumatano asubuhi aliingia kwa mara ya tatu katika duka la Fundi. Lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, na waya wa kutundikia nguo zilizokwisha. Leo waya ulikuwa na nguo nne. Jumatatu zilikuwa kumi na moja.

"Wamezichukua," alisema Fundi kabla hajaulizwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, pini zimepangwa kifuani kama medali. "Hata ambazo hazijapindwa. Mmoja kaondoka na gauni la mkono mmoja."

"Kisa?"

"Kisa wewe, afande. Gari la polisi likisimama mlangoni mara mbili, nani ataacha kitambaa chake ndani?"

"Leo nimekuja kwa miguu."

"Ahsante. Watasema gari limeharibika."

Shauri lenyewe lilikuwa fupi kulieleza na gumu kulimaliza. Mwandishi mmoja mashuhuri, mama wa miaka sabini na mbili, alikuwa ameandika vitabu kumi na moja kuhusu mpima ardhi aitwaye Mama Mnyororo, anayetembea na mnyororo wake wa kupimia akifichua wezi wa viwanja na wauaji wao. Katika vitabu vyote hivyo, Mama Mnyororo hakuwahi kusogeza jiwe la mpaka, hata kwa kuelekezewa bastola. Kitabu cha kumi na mbili, cha mwisho, kilikuwa kiingie mtamboni Ijumaa. Katika sura yake ya mwisho Mama Mnyororo analisogeza jiwe hatua mbili, kwa mikono yake mwenyewe, ili mjane abaki na kisima chake.

Mpaka mhariri alipoipokea, sura hiyo ilikaa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo ulikaa shingoni mwa Mwandishi. Ila jiwe lile lile, mjane yule yule, kisima na hatua mbili vilikuwa vimekwisha kusomwa na watu mtandaoni, kwenye ukurasa ambapo wasomaji huwatungia hadithi zao wahusika wa vitabu wanavyovipenda. Aliyeiweka hadithi hiyo alikuwa fundi huyu wa nguo. Mwandishi aliapa kuwa ameibiwa. Alitaka Fundi ashtakiwe kabla ya Ijumaa, na mkuu wa kituo, ambaye mkewe ana vitabu vyote kumi na moja kabatini, alikuwa amempa Kupe siku mbili.

"Tuanze na mapazia," alisema Kupe.

"Tumeshayamaliza mapazia."

"Tunayarudia. Nyumba ya Mwandishi uliingia lini?"

Fundi akavuta daftari lake la oda, akalamba kidole, akafunua. "Tarehe ishirini na sita, mwezi uliopita. Soma mwenyewe, macho si unayo."

Hapo ndipo shauri lilipokuwa limenona. Fundi alikuwa ameingia hadi chumba cha kuandikia, akapima madirisha mawili, na sanduku la chuma lilikuwa chini ya dirisha la kushoto. Askari mvivu angefunga kazi hapo hapo, akaenda kunywa chai.

"Nani alikuita?"

"Mdogo wake. Yule mama anayempigia chapa. Alinifuata mwenyewe mpaka hapa. Nikashangaa, maana mapazia niliyoyakuta yalikuwa mazima, hayajafifia hata pindo. Nikamwambia, mama, haya bado yana maisha. Akasema, wewe shona tu."

Kupe aliandika neno "mazima", akalipigia mstari. "Ulibaki peke yako humo ndani?"

"Hata dakika. Alikaa kitini ananitazama. Tena si mikono, afande. Uso. Kama jirani aliyekuja kuomba chumvi halafu anaona haya kusema."

"Ulijua ni nyumba ya nani?"

"Nilijua nilipoona vitabu rafuni. Nikapima ovyo, macho yako kwenye vitabu. Pazia la kushoto likatoka fupi, limepungua shubiri nzima. Mimi, na miaka yote hii ya kazi!" Hilo lilimuuma kuliko tuhuma ya wizi, na hakulificha.

"Na hadithi uliiweka lini?"

"Tarehe tatu. Mwezi huo huo."

"Mwandishi mwenyewe anasema tarehe za mtandaoni zinachezewa."

"Na waliotoa maoni nao nimewachezea? Wako mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na siku yake. Kuna mmoja ananitukana tangu tarehe nne, wala hajachoka."

Hilo Kupe alikuwa amekwisha kulithibitisha. Alikuwa amewatafuta watu kumi kati ya hao mia mbili na kumi na wawili, akawahoji mmoja mmoja, na wote walikuwa wameisoma kabla ya tarehe kumi. Mapazia yalikuja siku ishirini na tatu baada ya hadithi. Kwa hiyo njia ya dirishani ilikuwa imeziba. Lakini kupe hang'oki kwa sababu ng'ombe katikisa mkia. Watu wawili wanaweza kuota ndoto moja. Hawawezi kuota na idadi ya hatua.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Una kichwa chako, una mikono yako. Kwa nini usitunge mtu wako? Kwa nini umchukue wa mwenzio?"

Fundi alitandaza mezani kitambaa cheusi cha suti, akakilaza kwa viganja. Kisha akafungua kopo la bati, akatoa kipande cha sabuni ya kuogea kilichokonda hadi kuwa kama ukucha, akaanza kuchora mstari wa bega. Sabuni iliacha alama nyeupe, safi.

"Mama yangu alikuwa na kisima," alisema, jicho likiwa kwenye mstari. "Baba alipokufa, shemeji zake wakaleta mpima. Mpima akalaza kamba yake hivi, jiwe likahamia huku, kisima kikabaki kule. Mama alichota maji kwa kuomba mpaka anakufa. Hakuna aliyemsogezea jiwe. Mimi nikakua nasoma Mama Mnyororo, na kila kitabu namwambia moyoni, njoo basi, njoo na kwetu. Hakuja. Nikamleta." Akageuza kitambaa. "Na nikuulize na mimi, afande. Nikikushonea gauni, ukaenda ukalipunguza kiuno mwenyewe, mimi nije kwako polisi?"

"Itategemea kama nimelivaa au nimeliuza."

"Sijauza hata neno."

Kupe alimtazama akimaliza bega la pili. Alikuwa na swali jingine mdomoni, lakini jicho lake lilikuwa limeganda kwenye kile kipande cha sabuni.

"Mafundi wote mnatumia hiyo?"

"Kwenye kitambaa cheusi, wote. Chaki inachafua. Sabuni ukifua inaondoka na maji, kama haikuwepo."

Kupe alifunga daftari lake, akaaga, akatoka kwa mwendo ambao Fundi aliuona si mzuri wala si mbaya.

Kituoni alisukuma mafaili pembeni, akalaza hadithi ya Fundi kushoto na nakala ya sura ambayo Mwandishi alimkabidhi Jumatatu kulia, akapita mstari kwa mstari na rula. Sentensi hazikufanana. Za Fundi zilikimbia; za Mwandishi zilitembea, zikasimama, zikatazama pembeni. Mtu yeyote angeona kuwa huyu wa pili ndiye bingwa. Lakini kushoto, kwenye ukurasa wa nne, Mama Mnyororo alipiga goti, akatoa mfukoni kipande cha sabuni, akaweka alama kwenye jiwe jipya. Na kulia, kwenye ukurasa wa sita, kwa sentensi nzuri zaidi, alifanya vile vile.

Akampigia simu mhariri wa kitabu. "Swali moja tu. Katika vile vitabu kumi na moja, Mama Mnyororo huweka alama kwa kitu gani?"

"Rangi nyekundu," alijibu mhariri bila kufikiri. "Kopo dogo, kiunoni. Kila msomaji anajua. Kwani vipi?"

"Na hiki cha mwisho umekisoma?"

"Mara mbili."

"Basi kisome mara ya tatu," alisema Kupe, akakata simu.

Saa nane mchana alikuwa nyumbani kwa Mwandishi. Mdogo wake ndiye aliyefungua mlango, mama mnene wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kwa kamba. Katika maelezo yake ya Jumatatu alikuwa amejibu "sikumbuki" mara tisa. Kupe alikuwa amezihesabu. Mtu anayepiga chapa kurasa mia tatu bila kuruka nukta hasahau aliyempimia mapazia wiki chache zilizopita.

Mwandishi alikaa katika chumba cha kuandikia, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza dirishani ambako pazia la kushoto lilining'inia juu juu, limeacha shubiri nzima ya mwanga. Hakuliona. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona madirisha, aliona watu kama vivuli, na aliweza kuandika kwa kalamu nene kwenye mistari mipana, lakini kusoma alichoandika hakuweza.

"Umemkamata?" aliuliza.

"Bado, mama. Kwanza nieleze. Nimeambiwa kuna waandishi wanafurahi wasomaji wakiwatungia wahusika wao. Wewe umeweka marufuku, kila kitabu ukurasa wa kwanza. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wangu. Wanasema wanampenda Mama Mnyororo. Hata mwizi wa kuku anapenda kuku."

Kupe alicheka, na hakujilazimisha. Kisha akasubiri. Kusubiri ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Miaka thelathini iliyopita," alisema Mwandishi, sasa kwa sauti nyingine, "mwalimu mmoja aliniletea bahasha. Mtu wa adabu zake. Alikuwa ametunga hadithi ya Mama Mnyororo, anataka niisome. Nikaisoma kwa kikao kimoja. Ndani yake alikuwa amemuua mama yake Mama Mnyororo. Kifo kizuri tu, si kibaya. Lakini yule bibi mimi nilimtoa kwa mama yangu mzazi, mwanangu, mpaka kikohozi chake. Mama alipokufa kweli nikakaa kitako nimwandike. Nikashindwa. Kila sentensi niliyoishika, ya yule mwalimu ilikuwa imekaa mbele yake. Mpaka leo sijui katika kile kitabu lipi ni langu na lipi ni lake. Mama yangu alikufa mara mbili, na mara ya kwanza aliuliwa na mgeni." Akapangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na kitu. "Tangu siku hiyo hakuna kinachovuka kizingiti hiki. Barua za hadithi zinarudishwa bila kufunguliwa. Nisiposoma, siwezi kuiba. Na hakuna anayeweza kusema nimeiba. Si wivu. Ni kuweka mikono safi."

Mlangoni, mdogo wake alikuwa amesimama na trei ya chai, hajaingia wala hajatoka.

"Ingia, mama," alimwambia Kupe. "Kaa na wewe." Kisha akamgeukia Mwandishi. "Niambie unavyofanya kazi. Hatua kwa hatua, kama unamfundisha mjinga."

Mwandishi alieleza. Aliandika rasimu katika madaftari ya shule, kila daftari na namba yake. Asubuhi mdogo wake humsomea aliyoyaandika jana, yeye amefumba macho, na kutokana na kusikia huko huandika upya katika daftari safi. Hakuna sentensi iliyofika kitabuni bila kupita masikioni mwake kwanza.

"Na sura hii ya mwisho?"

"Ilinitesa. Miezi sita nilikuwa nimekwama. Namdanganya mhariri kwamba ninayo kichwani, na kichwani hamna kitu. Halafu nikashikwa na homa, tarehe kumi mpaka kumi na saba mwezi uliopita. Nikawa naandika kitandani, sijui naandika nini. Tarehe kumi na tisa nikaamka, mdogo wangu akanisomea." Uso wake ukafunguka. "Sikuamini. Nilikuwa nimeimaliza. Homa imenipa nilichonyimwa na afya."

"Daftari hilo ni namba ngapi?"

"La saba."

"Nitaliomba. Lakini kabla ya hapo, mama, swali la kipuuzi. Mpima ardhi anaweza kuweka alama kwenye jiwe kwa kipande cha sabuni?"

"Sabuni!" Mwandishi aligonga mkono wa kiti. "Nani huyo? Ni huyo fundi wako, sivyo? Unaona sasa? Ndiyo maana nawakataza! Mvua ya kwanza tu sabuni yote imekwenda, jiwe halina alama, na kesho watu wanakatana mapanga. Mtu anayejua kazi hawezi kuandika upumbavu huo."

Kupe alifungua ile nakala ya sura, iliyotolewa kwenye daftari safi. Hakupandisha sauti wala hakuishusha. "'Akapiga goti. Kopo la rangi alikuwa ameliacha nyumbani, labda kwa makusudi. Mfukoni alikuwa na kipande cha sabuni, chembamba kama mwezi mchanga, nacho ndicho alichokitumia.'"

"Ndiyo huo! Upumbavu mtupu, ingawa..." Mwandishi akasita. Sikio lake lilikuwa limeinuka. "Rudia."

Kupe akarudia.

"Hiyo ya mwezi mchanga si sentensi ya mtu wa kujaribu jaribu." Akaegemea mbele. "Ni mwandiko wa nani huo?"

"Wako, mama."

Mwandishi alikaa vile vile, mgongo umenyooka, lakini mikono ilianza kutafutana mapajani. Kisha akavua ufunguo shingoni, akaunyoosha hewani, si kwa Kupe.

"Mdogo wangu. Fungua. Nisomee la saba."

Trei iligongana na meza. Yule mama hakuuchukua ufunguo. Kupe ndiye aliyeuchukua, akapiga magoti chini ya pazia fupi, akafungua. Madaftari yalikuwa yamepangwa kwa namba. La saba lilikuwa mahali pake, kati ya la sita na la nane. Hakuna aliyelificha, kwa kuwa hakukuwa na haja. Mwenye ufunguo hakuweza kusoma, na mwenye kusoma alikuwa anajua. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa za kalamu nene, mstari juu ya mstari, neno moja limeandikwa mara ishirini: kisha, kisha, kisha. Kuanzia ukurasa wa tano lilikuwa jeupe.

"Hamna kitu, mama," alisema Kupe. "Ni homa tu."

"Nilikusomea kwenye simu," alisema mdogo mtu. Sauti ilimtoka kama mtu anayetua mzigo mahali pasipofaa. "Niliiweka katikati ya daftari. Dada, ulikuwa unalia usiku na mchana. Ulikuwa hutaki kula. Mimi nilikuwa naisoma ile hadithi kwa siri, nikasema nimsomee mara moja tu, nimwonyeshe kwamba mlango upo. Nilitaka nikuambie jioni ile ile. Lakini ulicheka, Dada. Miezi sita hujacheka. Ukaomba kalamu, ukawa unaandika huku machozi yanakutoka, huulizi sabuni wala nini. Ningekukatizaje?"

"Na fundi ulimwitia nini?" aliuliza Mwandishi.

"Nilitaka nimwone. Nilitaka nimwambie. Nikashindwa, nikamwambia apime mapazia."

"Na Jumatatu ukaniacha nimwite mwizi."

Mdogo mtu alilia tu, miwani ikamwanguka kifuani. Mwandishi hakumtukana. Hasira ilikuwepo, Kupe aliiona inapanda hadi taya na kukaa hapo, lakini Mwandishi alikuwa mtu wa kumaliza kazi moja kabla ya kuanza nyingine.

"Mwanangu," alimwambia Kupe, "toa jalada lako. Futa jina la yule fundi."

"Jalada la polisi halifutwi, mama. Linaongezwa."

"Basi ongeza. Mlalamikaji amekuja na kusema: mali iliyoibwa imepatikana. Ilikuwa nyumbani kwangu, kwa mwandiko wangu."

"Dada, Ijumaa..."

"Ijumaa itasubiri. Nikifa bila kumaliza, nimekufa bila kumaliza. Hiyo sura inatoka." Akageukia kule ilikotoka sauti ya kalamu ya Kupe. "Kile kisima. Alikitoa wapi? Ni kitu ambacho sikukishtukia hata kidogo. Nilikiandika kama ninakijua."

Kupe angeweza kusema hajui. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini aliambiwa akishanata hang'oki, na kitu cha mwisho kilikuwa bado kimenata.

"Kilikuwa cha mama yake mzazi," alisema. "Alinyang'anywa. Alikufa anaomba maji kwenye kisima chake mwenyewe. Yule fundi hakuwa na mahali pengine pa kumrudishia."

Nje gari lilipita, mng'aro wa jua kwenye kioo chake ukaingia kwenye ile shubiri iliyopungua pazia, ukapita usoni pa Mwandishi na kwenda zake. Akatafuta kwa mkono ncha ya meza, akasimama.

"Nimemwibia mtu mama yake," alisema. "Andika na hilo. Halafu unipeleke dukani kwake."

Kupe aliandika.